Neno Moja kwa Jiwe la Mama

…na si neno baya, hakuna anayesema ni baya, aliwaza Thirza akiwa ameligeuzia jiko mgongo, ubavu wake wa kushoto umekiegemea kile chuma kirefu wanachoanikia mataulo, ni neno la nyumbani, fupi, halina mbwembwe, patasi ya mzee Ord italimaliza kabla chai haijapoa, ndivyo alivyosema Cuddy na akacheka peke yake, mdogo wake huyu, mtu mzima na mvi zake, ila kila akicheka jikoni humu bado hutupa jicho mlangoni kwanza kuona kama mama anaingia… mama haingii, Cuddy, mama yuko kule juu kanisani tangu majani yalipoanza kupukutika, udongo umeshazama na kutulia, ndiyo maana mchonga mawe amepanda bonde lote hili na matope yake na mvua yake ya barafu, kaketi pale kwenye kiti cha baba, kofia juu ya goti, anasubiri kuambiwa achonge nini, na birika liko motoni, halijaanza hata kuimba. "Jina lake, miaka yake, halafu chini yake neno moja tu," Cuddy alikuwa anasema, "alithole. Basi. Hannah Robson, alithole. Ukiongeza hata herufi umeharibu, au vipi dada?" na Thirza akasema "Mm," ile mm ya nyumba hii isiyo ndiyo wala siyo, akasogea kidogo ili chuma kimguse palepale panapouma, si juu yake, si chini yake, palepale, na joto likaingia polepole kupitia aproni na sweta na kile kingine cha ndani, na kwa muda mfupi akawa hana haja na mtu yeyote duniani. Mzee Ord akakuna shingo. "Mimi nalijua hilo neno, bibi yangu hakuishi bila hilo neno," akasema, "lakini we Cuddy, hawa vijana wa siku hizi wakipita pale makaburini watajua ni kitu gani? Si watadhani ni jina la kijiji alikozaliwa?" "Asiyejua aulize." "Amuulize nani? Kondoo?" na wote wawili wakacheka, na mbwa, Moss, chini ya meza, akapiga mkia sakafuni mara moja kwa adabu kisha akaendelea na usingizi wake.

Aulize… na akiuliza mtamwambia nini, Thirza aliwaza, kwamba ni kuvumilia? Ni kuvumilia lakini hujalimaliza, maana mtu anaweza kuvumilia huku analalamika, shangazi Nan alivumilia jino mpaka bonde zima likalijua jino lile kwa jina, na ile haikuwa kuthole hata kidogo, mama alisema hivyo waziwazi, Nan hathole, Nan anatangaza… kujikaza, labda? Karibu, lakini anayejikaza unamwona anavyojikaza, mishipa imemsimama shingoni, na anayethole humwoni kitu, uso uleule, mikono ileile inakanda mkate uleule, anakuuliza kama umekula, kuthole ni kubeba mzigo na kuficha kwamba umebeba, hapo ndipo ugumu ulipo, hapo ndipo sifa ilipo, na kila kitu huku juu kilitholewa, theluji ikilalia mlima, mlima unathole, paa likivuja na baba hataki kusikia habari za paa, paa likatholewa pamoja na baba, kanisa lenye baridi na mahubiri yasiyo na mwisho, mvua juu ya majani ya mifugo yaliyoanikwa yakauke, mume anayekaa kuanzia krismasi hadi pasaka bila kusema zaidi ya "sogeza chumvi," vyote vilitholewa… na mwalimu wao shuleni, yule wa kutoka kusini, aliwachapa rula vidoleni kwa neno hilohilo, akasema si Kiingereza, ni matope ya zizini, basi wakawa wanaliacha getini asubuhi na kuliokota jioni wakirudi, na rula nayo wakaithole. Ndipo miaka mingi baadaye, kwenye mazishi ya baba, mchungaji mmoja mwenye vitabu vyake akawaambia kwamba lile lilikuwa Kiingereza kabla Kiingereza hakijajijua, wafalme wa kale walilitamka, watawa waliliandika kwa unyoya, kisha kule chini wakalisahau wakabaki nalo watu wa milimani tu, kama koti la babu ambalo mjini halivaliwi tena lakini huku bado linaingia zizini kila siku, na Cuddy alifurahi siku ile, alifurahi kuliko mtu anayezika anavyopaswa kufurahi, kumbe sisi ndio wenye lugha, dada, umesikia? Kumbe sisi ndio wenyewe. Hapo ndipo wazo la jiwe lilipomwingia, Thirza ana hakika, na mama alikuwa bado hai, alikuwa amesimama pale, pale pale jikoni…

"…maana mchungaji wa sasa yeye anapendelea *amepumzika*," mzee Ord alikuwa anasema, "watu wengi wanachukua *amepumzika*, ni neno salama." "Mama yangu apumzike?" Cuddy akauliza, "Mama yangu hajawahi kupumzika hata akiwa amelala! Atanijia usiku anipige kofi." "Haya, haya, basi *mama mpendwa*." "Wewe mzee bwana, hilo liko kwenye kila jiwe pale, hata kwa bibi Pringle, na yule nani alimpenda? Alimfukuza paka wake mwenyewe." Na Thirza akajikuta anataka kucheka, na kicheko kikafika pale ubavuni kikagonga, akakizuia pale pale, akavuta hewa kwa pua, taratibu, kama alivyofundishwa, alifundishwa na nani? Alifundishwa getini… mtoto mdogo, geti la zizi la madume, baba alilisukuma bila kuangalia na kidole chake kilikuwa kwenye bawaba, na kile kilio kilikuwa kimeshapanda, kimeshajaa mdomoni, anakikumbuka mpaka leo kama kitu chenye ladha, na mama akaja mbio, hakukimbilia kidole, alimshika kifundo cha mkono, akainama uso kwa uso, macho yake ya kijivu, akasema kwa sauti ya chini kabisa, thole, mwanangu, thole, na Thirza akakimeza kile kilio kizima, kikashuka, alikisikia kinavyoshuka, na mama akamtazama kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo tena, macho ya mtu aliyeona mwanawe wa kwanza anatembea, akamkatia mkate, akaupaka siagi, akaumwagia sukari ya kahawia juu, sukari! siku ya kazi, si Jumapili… kwa hiyo alijifunza na sukari, hakujifunza kwa kuchapwa, angechapwa labda angesahau kama alivyosahau majina ya wafalme, lakini sukari ile iko mpaka leo, kila akimeza kitu huwa anangoja kidogo, kama mjinga, kama vile kuna mtu atamletea mkate. Na nani aliyemletea mama mkate? Alitholea nani, yule mwanamke, ni nani aliyekuwa anamtazama? Mtoto wake wa kiume akafa kwa homa kabla Cuddy hajazaliwa, na siku ya tatu alikuwa anafua, watu walipita na kusema tazameni, na walisema kwa sifa, walivua kofia.

Birika likatoa mlio mdogo kisha likanyamaza. "Unakumbuka yule kondoo wa babu?" Cuddy akamuuliza, lakini hakuwa anamuuliza yeye, alikuwa anamsimulia mzee Ord, alikuwa ameshaweka viwiko mezani, na Thirza akajua hadithi ipi inakuja, hadithi ya baridi kuu, kila mtu wa bonde hili ana hadithi yake ya baridi kuu, theluji ilifika madirishani, kondoo walifukiwa ukutani walikokimbilia kujikinga, na wanaume walitembea juu yao na fimbo ndefu, wanachoma theluji, wanachoma, wanasikiliza, na mbwa mbele wananusa, siku baada ya siku, waliokufa waliwavuta wakawapanga, na mwishowe kabisa, wakati hata babu amekata tamaa, jua lilipoanza kuyeyusha, wakampata mmoja wa kike, mzima, amesimama ndani ya pango dogo la pumzi yake mwenyewe, upande mmoja hana manyoya, ameyala, "Aliyala manyoya yake mwenyewe, mzee! Mbavu wazi!" Cuddy akasema na kupiga meza, "na babu akavua kofia, sikudanganyi, babu alimvulia kofia kondoo, akasema huyu alithole," na mzee Ord akatikisa kichwa kwa heshima, "Ee, aina ile haipo tena," na kweli haipo, Thirza aliwaza, lakini mbona Cuddy huwa anaishia hapo, mbona siku zote anaishia kwenye kofia, maana Cuddy alikuwa hajazaliwa na mimi nilikuwepo, nilikuwa nimebebwa mgongoni na mama, nimefungwa shali, niliona, yule kondoo hakuwa mbali, alikuwa pale pale nyuma ya ukuta wa bustani, hatua chache kutoka mlango wa jikoni, walimpita kila siku wakienda na wakirudi, mbwa walipita juu yake, na mimi nikauliza, mtoto huuliza tu, kwa nini hakulia? Angelia si mngemsikia? Na wanaume wakacheka, babu akacheka mpaka machozi, akasema kondoo wa nyumba hii hawalii, mjukuu wangu, na mama hakucheka, sasa nakumbuka, mgongo wake haukutikisika, mgongo wa mtu anayecheka hutikisika na mimi nilikuwa juu yake… hakucheka. Na yule kondoo akapewa shayiri ya moto kwa mkono wa babu mwenyewe, akasimama uani watu wanamtazama, akala, akalala chini, akafa kabla ya giza. Hilo Cuddy halisimulii, labda hakuambiwa. Hata babu hakulisimulia.

"Dada, mbona umeganda hapo? Njoo ukae," Cuddy akasema, na kwa kuwa hakujibu haraka akamgeukia mzee Ord, akacheka kile kicheko chake, "Mtazame. Mtazame alivyosimama. Si mama yule yule? Mama naye ilikuwa hivyohivyo, akishaegemeza mgongo jikoni humtoi, kuanzia wakati wa kukata majani hadi theluji, mimi namwambia mama utajichoma, ananiambia niache, nina baridi tu." "Wanawake wana damu baridi," mzee Ord akasema. "Mke wangu hivyohivyo." Na Thirza akatazama chini, akakiona chuma chenyewe, hakuwa amekitazama vizuri, mtu hatazami kitu anachokishika kila siku, rangi nyeusi imekwisha yote mahali pamoja tu, pamebaki chuma kitupu chenye kung'aa, upana wa kiuno cha mtu, upande wa kushoto, pa kusuguliwa na aproni, na aproni iliyopasugua pale siyo yake, yeye amerudi nyumbani majuzi tu, kabla mama hajaanguka, alipofiwa na mumewe, hawezi kuwa yeye, ni mama, ni miaka, ni mama alisimama hapa miaka mingapi akisema ana baridi… na mimi nimekuja nikaingia kwenye nafasi yake kama mguu unavyoingia kwenye kiatu cha mtu mwingine, wala sikuhisi kama si changu. Baridi tu. Nani amenifundisha kusema baridi tu? Hakuna aliyenifundisha, yamenitoka yenyewe, Jumapili Ruth alipiga simu kutoka Newcastle akaniuliza mama sauti yako vipi, nikamwambia baridi tu mwanangu.

Na daktari yule, kijana wa watu, mpya, viatu vyembamba, alipanda mlima huu mwenyewe baada ya mama kuanguka kwenye ngazi za ghalani, akaketi kitandani pake, akamshika mkono, akamuuliza vizuri kabisa, bibi Robson, unaumwa? na mama akasema, siwezi kulalamika, na yule kijana akafurahi, uso wake ulifunguka, akasema vizuri sana, vizuri sana, akafunga mkoba… ungemlaumu vipi? Kule kwao mtu akisema hawezi kulalamika maana yake hana la kulalamikia, ila huku juu kila mtoto anajua vipimo vya maneno haya, "sijambo" ni mafua, "siyo mbaya sana" ni mguu umevunjika, na ukisikia mtu anasema "siwezi kulalamika" kamwite fundi wa majeneza, na mimi nilikuwa mlangoni na karai la maji, nilijua, nikafungua mdomo, na mama akanitazama juu ya bega la yule kijana, macho yale yale ya kijivu, yale ya getini, na karai likatulia mikononi mwangu na mdomo ukajifunga, hakuna tone lililomwagika. Thole, mwanangu. Alikuwa ananishika kifundo cha mkono kutoka kitandani, na kijana wa watu akashuka ngazi anapiga mluzi. "…au basi tumwandikie *alivumilia*," mzee Ord alikuwa anasema, "kila mtu atasoma," na Cuddy akasema, "Si kitu kimoja, mzee, wewe mwenyewe unajua si kitu kimoja," na ni kweli Cuddy, kwa mara ya kwanza leo umesema kweli, si kitu kimoja, aliyevumilia angeweza kumwambia daktari.

Na siku ya kumwosha… hakutaka kufika hapo, alikuwa amezunguka asubuhi yote ili asifike hapo, alipika, alifagia jivu, alimpa Moss mfupa ambao haukuwa zamu yake, lakini sasa amefika, siku ya kumwosha, yeye na muuguzi wa bonde, mwanamke mnene mwenye huruma, madirisha wazi kama desturi, baridi imeingia, wakamgeuza mama kwa upande, alikuwa mwepesi mno, na pale ubavuni, upande wa kushoto, ngozi ilikuwa na alama, si jeraha, si chubuko, ni wavu, wavu mzima wa rangi ya kahawia na wekundu, mistari inapishana, kama mtu amemchora kwa kalamu ngozini nyavu za kukamatia sungura, na Thirza akashtuka akauliza hii nini, kapigwa? Na muuguzi akaangalia, akapitisha kitambaa cha maji juu yake polepole, mara mbili, akasema hapana kipenzi, hii ni alama ya moto, moto wa mbali, si wa kuunguza, inakuja kwa mtu anayeegemea joto kila siku, miaka, joto likimpunguzia maumivu, nimeiona kwa vibibi wengi huku juu, akakamua kitambaa, akasema, alikuwa na kitu ndani humu, mama yako, muda mrefu sana, alimwambia nani? Na Thirza akasema hakumwambia mtu, na akasema, Mungu wangu, na akasema kwa fahari! Sauti ilimtoka kwa fahari, aliisikia mwenyewe, kama Cuddy na kondoo wake, hakumwambia mtu, alithole, na yule mwanamke mnene akamtazama, macho yake yamejaa maji, hakuvua kofia wala kutikisa kichwa kwa heshima, alisema neno moja tu, maskini. Maskini! Thirza alikasirika wiki nzima kwa neno lile, kumwita mama yake maskini, mwanamke aliyelishika bonde hili mikononi mwake, na leo asubuhi, kabla Cuddy hajaamka, baada ya kuosha uso, alivua nguo ya kulalia mbele ya kile kioo kidogo cha chumbani, akainua mkono wa kushoto juu ya kichwa, hakujua kwa nini, alijua kwa nini, akageuka upande wa dirisha penye mwanga… wavu uleule ubavuni mwake, mwembamba bado, wa waridi, umeanza tu, ila mistari yake ilikuwa imeshapishana.

"Dada Thirza, tunakungoja wewe," Cuddy akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya mdogo mtu, "sitaki kuandika kitu ambacho hukitaki, ni mama yetu wote wawili, ukisema hapana basi, lakini mimi sijui neno jingine la kumpa, kweli sijui, ndicho kitu kikubwa nilichoweza kufikiria," na Thirza akamwona, kijana wa mvi, ameshika ukingo wa meza, anataka kumpa mama yake kitu kikubwa, na huruma ikamjaa mpaka ikamchosha, amechoka, Bwana wee amechoka, si leo tu, amechoka kwa kile kidole na kwa lile karai na kwa kumeza, kumeza ni kazi, mtu hapewi ujira wake, na jiwe lile litasimama pale juu na kila atakayepita atasoma alithole na atasimama wima kidogo na kumeza chochote alichokuwa nacho mdomoni, Ruth atasoma… Ruth, aliyezaa kwa makelele, wodi nzima ilijua anazaa, Thirza kwenye benchi la nje aliona haya mpaka akavuta skafu usoni, na mama kando yake alisema mtoto huyu hathole kitu, na Ruth akapiga kelele kwamba kuna kitu hakiko sawa, hakiko sawa, akamshika muuguzi kanzu hakumwachia, mpaka wakaja kuangalia, na kweli hakikuwa sawa, na wakawahi, na mtoto yule sasa anakimbia na Ruth anampigia simu mama yake kila Jumapili kumuuliza sauti yako vipi, na kule benchini, sasa anakumbuka, waliposikia mtoto analia na muuguzi akatoka kusema wote wazima, mama alitazama mlango ule muda mrefu, mikono kwenye mkoba, akasema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, "Kumbe ukiita, wanakuja." Basi. Alinyanyuka akaenda kumwona mjukuu wake, na Thirza alidhani ni maneno tu ya mtu mzima aliyechoka na safari, lakini chuma kilikuwa kimeshaanza kung'aa wakati ule, lazima kilikuwa kimeshaanza, alikuwa na maumivu yale tayari kule benchini, ubavuni mwake, akayasema yale maneno, akarudi huku juu, akasimama hapa.

"Sawa, ngojeni niwamiminie chai kwanza," angesema, ilikuwa tayari mdomoni, ndivyo mama angesema, na chai ingemiminwa na neno lingechongwa na mzee Ord angeshuka na mvua yake, na angebaki yeye na chuma hiki mpaka pale panapong'aa pawe papana zaidi kidogo, upana wa viuno viwili, na Cuddy angekuja kumtafutia na yeye neno, na ni rahisi, ni rahisi mno, ni kama kulala, kilio kimeshapanda mpaka mdomoni tangu asubuhi na koo linajua kazi yake, linajua njia ya kushuka… yule kondoo aliwasikia. Hilo hakuwahi kulifikiria miaka yote hii. Alisikia miguu yao juu yake, kila siku, wakienda na wakirudi, alisikia sauti zao na mbwa na mlango wa jikoni, alijua wapo, akatafuna manyoya yake akangoja. Mzee Ord alishika kofia yake kwa mikono miwili, anazungusha. Moss aliinua kichwa. Chuma kilikuwa cha moto pale pale panapouma na hakikuwa kimepoza kitu, na Thirza akakiacha, hatua moja tu mbele, na baridi ikauingia ubavu wake mara moja na maumivu yakaja yote, mazima, akashika mgongo wa kiti, na Cuddy akaanza kuinuka, "Dada?"

"Mwandikieni jina lake tu," akasema. "Cuddy. Mimi naumwa."

Na birika lilikuwa bado halijachemka.